Maji ya Darini au Mlango wa Tatu? Hesabu ya Bweni la Ukambani

Leo sitazungumzia Linux wala hifadhidata. Nitazungumzia milango. Waliokuja kutafuta sehemu ya tatu ya ule mfululizo wa hifadhidata wanisamehe, itakuja. Jambo hili limenikaa kichwani kwa majuma kadhaa na naona sitaandika kitu kingine mpaka nilitoe.

Nilikuwa nyumbani Muthetheni. Binamu yangu, ambaye mama ndiye anayemlea, analala katika shule moja ya bweni si mbali na hapo, na mama alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wazazi. Shule sitaitaja. Wazazi walikuwa wamechanga pesa kwa ajili ya usalama wa bweni, na mezani kulikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilitoka kwa muuzaji wa Nairobi aliyekuja na picha za rangi: mabomba yapitishwe darini, yawekwe vichwa vidogo vinavyopasuka kwa joto na kumwaga maji, pamoja na tangi na pampu yake. La pili lilitoka kwa fundi wa hapa hapa: abomoe ukuta katikati aweke mlango wa tatu, aipanue ile miwili iliyopo, kisha ang'oe vyuma vya madirisha. Pesa zilitosha jambo moja tu. Wazazi waligawanyika, na wengi (hili halikunishangaza) walivutiwa na yule mwenye picha.

Mama akaniambia, "Mwana wakwa, wewe ndiye uliyesomea mashine. Bodi inakutana tena wiki ijayo. Niambie nikaseme nini."

Mimi nina digrii ya kompyuta, si ya ujenzi. Lakini mnajua ilivyo kijijini: ukishatengeneza printa ya chifu mara moja, unaulizwa mpaka habari za ng'ombe. Nikamwambia, "Mwaitu, nipe siku tatu." Nikakaa usiku na kusoma, na nikakuta ubishi huu una zaidi ya miaka mia moja, na kwamba kituo chake kimoja kiko hapa hapa Machakos.

Mtu wa Machakos hahitaji kuelezwa habari za Kyanguli, ila wasomaji wa Dar, Bukavu na Muscat huenda hawakumbuki. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la wavulana la Shule ya Sekondari ya Kyanguli lilimwagiwa petroli na kutiwa moto. Ndani walikuwa wamelala wavulana wapatao 130. Walikufa 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Wengi wa wale vijana walizikwa pamoja pale pale shuleni, na mwaka 2016, miaka 15 baadaye, Mahakama Kuu ya Machakos iliamua wazazi walipwe fidia. Wakati wa moto ule mimi sikuwa nimeanza hata chekechea. Kyanguli nimeijua kwa jinsi watu wazima wanavyonyamaza jina hilo likitajwa.

Na haikuwa ya kwanza. Miaka mitatu kabla, Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika shule ya Bombolulu huko Pwani, ndani ya bweni lililofungwa, lenye vyuma madirishani. Tanzania wana Shauritanga ya Rombo, Juni 1994, wasichana zaidi ya 40. Uganda wana Budo Junior, Aprili 2008, wasichana 19. Juzi tu, Septemba 2024, Hillside Endarasha huko Nyeri, watoto 21 wa shule ya msingi, katika bweni lililojengwa zaidi kwa mbao. Ukizisoma habari hizi moja baada ya nyingine usiku, peke yako, utaona chanzo kinabadilika kila mara: mshumaa, umeme, petroli, hasira. Lakini mlango unarudi karibu kila mara.

Basi tuanze na maji. Vile vichwa vya darini nitaviita vinyunyizio, maana ndivyo vinavyofanya.

Kabla ya vinyunyizio vinavyojifungua vyenyewe, viwanda vya pamba vya Marekani vilikuwa na mabomba yaliyotobolewa matundu. Moto ukitokea, mtu anakimbia kufungua valvu, na jengo zima linaoga. Mwaka 1872 Philip Pratt alipata hataza ya mfumo unaojifungua wenyewe. Miaka miwili baadaye Henry Parmelee wa New Haven akatengeneza kichwa chake na kukiweka, wapi? Katika kiwanda chake cha piano. Alitaka kuokoa piano :-) Akafuata Frederick Grinnell aliyekiboresha kichwa hicho kuanzia 1881 na kukifanya biashara kubwa. Waliovisukuma vinyunyizio mbele walikuwa makampuni ya bima: kiwanda chenye vinyunyizio kililipa bima ndogo. Nalitaja hili si kwa kejeli. Kifaa kinabeba alama ya swali kilichozaliwa kulijibu, na swali la kwanza la kinyunyizio lilikuwa mali itaokokaje. Watu walikuja baadaye.

Kuna kipande hapa kitakachowafurahisha wenzangu wa programu. Kufikia mwaka 1895, ndani ya maili 100 kutoka Boston kulikuwa na viwango tisa tofauti vya kuweka vinyunyizio. Tisa! Kila kampuni na vipimo vyake vya mabomba na umbali wake kati ya vichwa. Fundi aliyefunga mfumo huku hakuweza kuutengeneza kule. Wakakaa chini, na mwaka 1896 ikazaliwa NFPA, chama cha kuzuia moto ambacho viwango vyake vinanukuliwa mpaka leo duniani kote. Kwa hiyo ukiona watu wanagombana juu ya miundo ya faili, ujue mafundi bomba walitutangulia.

Kinyunyizio cha leo ni kitu kizuri, tuseme ukweli. Ni tundu la maji lililozibwa kwa kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani. Joto likifika kiwango chake, kwa kawaida nyuzi 68 kwa kile chekundu, kimiminika kinatanuka, kioo kinapasuka, maji yanatoka. Hakuna umeme wala kompyuta ndani yake. Na tofauti na sinema, havifunguki vyote kwa pamoja; kinafunguka kile tu kilichopata joto. Kama mhandisi nakivulia kofia.

Sasa milango. Historia yake haianzi na bima, inaanza na makaburi ya watoto. Tarehe 16 Juni 1883, mjini Sunderland, Uingereza, watoto waliokuwa roshani katika ukumbi wa Victoria Hall waliambiwa mwisho wa onyesho kwamba chini zinagawiwa zawadi. Wakateremka mbio. Chini ya ngazi kulikuwa na mlango uliokomewa ukaacha upenyo wa mtoto mmoja tu kupita. Walikufa watoto 183 kwa kubanwa. Hakukuwa na moto hata kidogo. Mwaka 1892 Mwingereza Robert Briggs akapata hataza ya komeo la dharura: mlango unaokataa kufunguka kwa nje, lakini ukiusukuma kwa ndani unaachia.

Shikeni hilo komeo, nitalirudia.

Chicago, Desemba 1903, jumba la michezo la Iroquois: watu 602, wengi wao wanawake na watoto, milango iliyofichwa nyuma ya mapazia na makomeo ambayo watazamaji hawakujua kuyafungua. Mfanyabiashara wa vyuma aitwaye Carl Prinzler alipaswa kuwa ndani siku hiyo, akazuiwa na kazi. Baadaye yeye na wenzake wa Indianapolis walileta sokoni, mwaka 1908, lile komeo la kusukuma kwa mwili ambalo leo mnaliona kwenye milango ya dharura ya majumba makubwa ya Nairobi. Yaani yule fito mrefu wa chuma mlalo: huhitaji ufunguo, huhitaji hata mikono, ukibanwa na watu nyuma yako kifua chako kinatosha kuufungua mlango.

Halafu New York, 25 Machi 1911 (angalieni tarehe, tena mwisho wa Machi), kiwanda cha nguo cha Triangle. Watu 146, wengi wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa sababu wenye kiwanda walitaka wafanyakazi watoke njia moja wakakaguliwe mikoba. Vinyunyizio vilikuwa vimeshauzwa kwa zaidi ya miaka 30, na jengo lile halikuwa navyo. Hapa ndipo NFPA ilipoona kwamba miaka yote imekuwa ikilinda majengo na bidhaa. Mwaka 1913 ikaunda kamati ya usalama wa maisha, na mwaka 1927 ikatoa kanuni za njia za kutokea.

Nikasema, sawa, historia nimeiona. Sasa hesabu. Nilitoka nje na tochi nikapima mlango wetu wa nyumbani, sentimita 90, sawa na ile ya bweni la binamu yangu kwa jinsi alivyonielezea. Wahandisi wa moto wana kanuni ya kukadiria watu wanaopita mlangoni: takriban mtu 1.3 kwa sekunde kwa kila mita ya upana unaotumika, na kila upande wa mlango unapunguza sentimita 15 kwa sababu watu hawajisugui na fremu. Kwa hiyo mlango wa sentimita 90 una sentimita 60 za kweli. Nikaandika programu ndogo kwa Python. Moyo wake ni mstari mmoja:

sekunde = watu / (milango_wazi * upana_halisi * 1.3)

Nikaweka watu 130, karibu idadi ya Kyanguli. Milango miwili ya sentimita 90, yote wazi: sekunde 83. Mmoja ukifungwa: sekunde 167, karibu dakika tatu. Kisha nikaweka pendekezo la fundi, milango mitatu yenye upana wa futi 5: sekunde 27. Mmoja kati ya hiyo mitatu ukifungwa: sekunde 41.

Nilikaa nikaitazama ile 167. Hiyo ni foleni tulivu, ya watu walioamka, wenye taa, wasiokanyagana. Haina muda wa kuamka wala giza. Na chumba chenye magodoro ya sponji kinaweza kujaa moshi wa kuua kabla dakika tatu hazijaisha. Gari la zimamoto lingetoka Machakos mjini, kwa hiyo halimo kabisa katika hesabu ya dakika hizi.

Namba za futi 5 sikuzibuni mimi. Ziko katika mwongozo wa viwango vya usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008, baada ya mazishi ya Bombolulu na Kyanguli. Mwongozo unataka mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, kila mmoja upana usiopungua futi 5, ufunguke kwa nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Nafasi kati ya vitanda mita 1.2, njia ya kupita isipungue mita 2. Yaani fundi wetu, kwa kujua au kwa kutojua, alikuwa anapendekeza kile ambacho serikali ilikwisha kuandika.

Nikageukia maji, maana nilitaka kumtendea haki yule muuzaji. Bweni la mita 30 kwa 8, kila kichwa kikihudumia mita za mraba 12, ni vichwa 20. Kichwa cha kawaida kikipata mgandamizo wa nusu ba, yaani maji yaliyo mita 5 juu yake, kinatoa lita 57 hivi kwa dakika. Dari likiwa mita 3, maji yanapaswa kukaa mita 8 kutoka ardhini, na ukihesabu msuguano ndani ya mabomba, juu zaidi. Au uwe na pampu, na umeme usiopotea, au jenereta yenye mafuta. Moto ukianzia kitanda kimoja na kufungua vichwa vinne, kwa nusu saa unahitaji lita 6,840. Ukambani tunahesabu maji kwa mitungi ya lita 20: ni mitungi 342.

Na hiyo ni ya moto wa kistaarabu. Petroli ikimwagwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, vichwa vyote 20 vinaweza kufunguka karibu kwa pamoja. Lita 1,140 kwa dakika. Tangi la lita 10,000 linakauka kabla ya dakika 9, tena kama mabomba yataweza kupitisha maji hayo yote, na hayakupimwa kwa ajili hiyo. Hata hivyo dakika 9 za maji si kitu kidogo. Magodoro yaliyolowa hayawaki ovyo. Nisingependa msomaji aondoke akidhani vinyunyizio ni ulaghai.

Tena kuna moto mmoja unaosimama upande wa muuzaji. Tarehe 1 Desemba 1958, shule ya Our Lady of the Angels, Chicago: wanafunzi 92 na watawa 3. Moto ulianzia chini ya ngazi, moshi ukapanda na kujaza korido ya ghorofa ya juu wakati watoto wangali madarasani. Kutoka darasani kuna mlango, ndiyo, lakini mlango unaofunguka kwenye moshi mzito haukupeleki popote. Wakabaki madirishani, juu sana ya ardhi. Jengo halikuwa na vinyunyizio. Mwaka uliofuata Los Angeles walichoma makusudi jengo la shule kuukuu ili wapime, wakaona kwamba moshi huziba njia za kutokea mapema kuliko joto, na kwamba vinyunyizio vinasaidia kweli. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu bweni la ghorofa tatu, lenye ngazi moja, nitamwambia weka maji, na weka ngazi ya pili, na usinichagulishe.

Lakini bweni la binamu yangu halina ghorofa. Ukuta wake wa upande huu na wa upande ule, nyuma yake kuna majani na anga. Nje iko sentimita 20 kutoka kichwani mwa kila mtoto. Kinachomtenganisha nayo ni matofali, vyuma vya dirisha, na kufuli.

Na kufuli ndiyo iliyoniharibia hesabu. Programu yangu ilidhani "milango_wazi" ni namba unayoiandika wewe. Kumbe ni namba inayoandikwa kila usiku na mtu mwingine. Bwana wa bweni ana sababu zake: wavulana wanatoroka kwenda sokoni, vijana wa nje wanaiba magodoro. Kwa wasichana sababu ni nzito zaidi. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana usiku, na wasichana 19 walikufa. Mzazi wa binti akikuambia anataka mlango ufungwe, usimcheke. Wenye kufunga si wote wakatili. Wengine wanafunga kwa sababu ya hofu ya kweli.

Nikajaribu kuwa na haki: je, maji yana kufuli yake? Yanayo. Fikiria mwezi wa Oktoba, mvua ya Novemba haijafika, matangi ya jikoni yamebaki na tope, punda wa maji wameongeza bei. Na pale juu ya mnara pana lita 10,000 safi, zimekaa tu, zinangoja moto ambao huenda usije. Ni mpishi gani hatafungua lile tangi? Ni mwalimu mkuu gani atakayemkataza, watoto 130 wakiwa na kiu? Mimi mwenyewe ningefungua. Na mwezi Novemba nani atakumbuka kulijaza?

Kwa hiyo vyote viwili vinashindwa kwa njia moja, kwa mkono wa mtu mwenye akili timamu na sababu nzuri. Tofauti ni nani anayeona. Sisi tunaoandika programu tunaogopa hitilafu ya kimya kuliko ile ya kelele. Tangi tupu ni hitilafu ya kimya: mabomba yanang'aa darini, wazazi wanayatazama siku ya kutembelea na kuridhika, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua kwamba hayana kitu. Kufuli mlangoni inaonwa na watoto 130 kila usiku. Mtoto mdogo kuliko wote bwenini anaweza kuijaribu kwa mkono wake bila kifaa chochote, na akaenda nyumbani kusema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Briggs na komeo lake la 1892. Ubishi wa bodi ulikuwa kati ya mlango uliofungwa na mlango wazi, kama kwamba hakuna kitu cha tatu. Kitu cha tatu kipo tangu kabla reli haijaingia Machakos. Mlango usio na kitasa wala tundu la ufunguo kwa nje, wenye fito la kusukuma kwa ndani. Mwizi haingii. Mtoto anatoka. Anayetoroka anatoka pia, hilo ni kweli, ila kengele ya betri ikifungwa juu ya mlango italia na bwana wa bweni ataamka, kazi ambayo kufuli haikuwahi kumlazimisha kufanya. Nilikwenda kwa fundi wa vyuma sokoni na mchoro wa karatasi. Aliugeuza mara mbili, akauliza kama spring iwe upande huu au ule, akasema njoo Alhamisi.

Mama alikwenda kwenye mkutano na zile namba nne: 83, 167, 27, 41. Aliniambia hakueleza Python wala nini. Aliwaomba wanaume watano wasimame mlangoni mwa ukumbi watoke pamoja, kisha akafungua ubao wa pili wa mlango na kuwaambia watoke tena. Bodi ikachagua fundi. Pesa zilizobaki zikanunua kengele za moshi za betri na vizima moto viwili. Vyuma vya madirisha vilileta ubishi mkubwa kuliko kila kitu. Mwishowe wakakubali viwekwe bawaba upande mmoja na pini kwa ndani. Mimi ningeving'oa, na mwongozo uko upande wangu, lakini sikuwa kwenye kikao.

Jumamosi iliyopita shule ilifunga kwa mapumziko ya nusu muhula na binamu yangu akaja nyumbani. Nikamuuliza mlango mpya ukoje. Akasema ni mzuri, umepakwa rangi nyekundu, na fito lake linasukumika hata kwa goti, wamejaribu. Nikamuuliza kama usiku unafungwa. Akasema hapana, haufungwi, hauna mahali pa kufungia. Akala kidogo, halafu akasema, kama jambo la kawaida tu, kwamba wanafunzi wapya wameongezeka muhula huu, na kitanda cha ghorofa kimewekwa mbele yake.

Nimepima tena. Nikihesabu milango miwili tu ya futi 5 ni zile sekunde 41, ila wale walio katikati, watakaoukimbilia mlango mwekundu kwa sababu ndio walioujaribu kwa goti, programu yangu haijui kuwahesabu. Jumatatu namsindikiza shuleni. Nimebeba utepe wa kupimia, na mama amesema anakuja pia.